Mstari wa Tarehe Tatu

Vita vilipokwisha, ndege saba za shirika la taifa hazikuwa nyumbani. Zilikuwa kwenye uwanja wa nchi jirani, zimepangwa mstari mmoja nyuma ya karakana, na kuzizunguka mahakama ilikuwa imefunga kamba nyeupe ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuivuka. Wafanyakazi themanini na wawili waliokuja nazo walipewa vyumba katika hosteli ya zamani ya wauguzi, mwendo wa nusu saa kutoka uwanjani, wakaambiwa wakae watulie mpaka kesi iishe.

Miongoni mwao alikuwa fundi mkuu wa injini, mwanamume wa miaka arobaini na minne, mabega mapana, sauti nzito, ambaye kuanzia marubani hadi wafagizi walimwita Spana. Alikuja na mkewe na binti yao wa miaka saba. Mkewe alikuwa karani wa kumbukumbu katika shirika hilo hilo. Kila ndege ilikuwa na daftari lake: imeruka lini, imetua wapi, imebadilishwa kifaa gani na nani kasema iko salama. Yote hayo yaliandikwa kwa mkono wake, herufi ndogo zilizosimama wima. Watu walimwita Bi Daftari. Siku mji wao ulipoanguka, wenzake walibeba masanduku ya nguo. Yeye alipanda ndege ya mwisho akiwa amepakata yale madaftari saba, na binti yake akaketi juu ya begi la mtu mwingine.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Serikali ya zamani ilishindwa vita ikakimbilia ugenini, lakini kabla haijatia nanga huko iliziuza ndege zote saba kwa kampuni ya ng'ambo. Hati ya mauzo ilikuwa ya tarehe kumi na mbili. Serikali mpya ikasema hapana, ndege zilikwisha kuwa mali yake tangu tarehe tatu ya mwezi ule ule, siku ambayo marubani na mafundi walikutana katika karakana hii ya ugenini wakakubaliana kuzishika kwa niaba yake. Ushahidi wa siku hiyo ulikuwa mstari mmoja katika kila daftari, umeandikwa na Bi Daftari na kutiwa sahihi na rubani mkuu. Rubani mkuu alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwezi wa pili wa kusubiri. Kwa hiyo ndege saba, serikali mbili na kampuni moja vilibaki vikining'inia kwenye neno la karani.

Spana mwenyewe alikuwepo tarehe tatu. Alisimama mlangoni na kumwona mkewe akiandika. Alidhani ataitwa kuwa shahidi wa kwanza, akanyoa ndevu, akaazima koti. Wakili wa serikali mpya alimpokea vizuri, akamsikiliza dakika kumi, kisha akamweleza kwa upole kwamba ushahidi wa mume unaomuunga mkono mke hauna uzito mahakamani. Walimhitaji mke peke yake. Spana alirudisha koti la watu.

Nyumbani alikuwa mtu wa kusubiriwa. Hata mawaziri walikaa ndani ya ndege wakijipepea na magazeti mpaka yeye atoke chini ya bawa na kusema, "Iko sawa." Huku ugenini aliruhusiwa kuingia ndani ya kamba kila Alhamisi kwa saa moja, akifuatana na afisa wa mahakama, azungushe propela kwa mkono ili mafuta yasigande ndani ya injini. Na hata saa hiyo hakuwa peke yake. Kampuni nayo ilileta fundi wake, aliyevaa ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani. Alhamisi ya kwanza fundi yule aliweka kiganja kwenye injini ya kulia ya ndege namba nne, injini ambayo Spana aliifungua na kuifunga mara tano kwa mikono yake, na Spana akahisi kama mtu aliyekutana barabarani na mgeni aliyevaa shati lake. Alirudi hosteli hana hamu ya chakula.

Ndipo mkewe alipoanza kwenda kwa wakili kila siku.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro. Kazi ilikuwa kupitia madaftari yote saba, mstari kwa mstari, ili upande wa pili usije ukapata pa kuingiza kidole. Bi Daftari aliondoka saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja. Wakili alikuwa mtu mwembamba, aliyefiwa na mke miaka mingi, msemaji wa polepole, na kila asubuhi alichonga penseli tatu kwa kisu kidogo kabla hajamwambia mtu yeyote lolote. Spana aliyajua haya yote kwa sababu mkewe aliyasimulia wakati wa kula.

Wivu haukumjia kwa kishindo. Ulianza na sukari. Jioni moja alimtilia mkewe vijiko viwili kwenye kahawa kama alivyomtilia kwa miaka kumi na moja, naye akaonja, akakisogeza kikombe pembeni.

"Tangu lini hunywi ya sukari?"

"Ofisini hakuna. Wakili hatumii, basi nimezoea."

Alisema bila kuinua macho, akiendelea kumchana binti yao nywele. Spana aliinywa ile kahawa mwenyewe, tamu kuliko alivyopenda, na usingizi ulipokuja ulimkuta bado anaifikiria.

Baada ya hapo masikio yake yakawa kama ya sungura. Akagundua kwamba kila habari sasa ilianza na maneno mawili. Wakili anasema mahakama huamini maandishi kuliko midomo. Wakili anasema jaji wetu ni mama mkali lakini hana upendeleo. Wakili anasema mvua za huku hupenda kunyesha mchana.

"Hata mvua sasa ina wakili?" Spana aliuliza. Binti yao akacheka. Mama yake hakucheka.

Akaanza kuhesabu mambo. Mkewe alikuwa na miwani mpya. Ile ya zamani ilivunjika, lakini mbona fremu hii inampendeza hivi? Alikuwa amejifunza kukunja karatasi mara tatu kabla ya kuitia bahashani, na nyumbani hakuwa akikunja hivyo. Alikuwa na kiti chake ofisini, chenye mto, kilichonunuliwa kwa ajili yake baada ya kulalamika mgongo. Spana alikuwa ameusikia mgongo huo ukilalamika miaka mingi na hajawahi kununua mto. Jambo hilo lilimchoma kuliko mengine yote, na hakumwambia mtu.

Jirani yake wa chumba cha pili, fundi wa redio, mtu wa mzaha asiye na mke, alimtania mara moja tu kwamba kesi hii ikichelewa sana mama watoto atakuwa amehitimu sheria. Spana alimtazama kwa jicho ambalo lilimfanya jirani yule akumbuke kwamba ameacha maji jikoni.

Mkabala na duka la magodoro kulikuwa na kibanda cha fundi viatu. Spana akawa mteja. Alipeleka viatu vyake, kisha vya binti yake, kisha vyake tena, akakaa kwenye benchi akitazama dirisha la ghorofa ya kwanza. Mara ya tatu fundi viatu alikigeuzageuza kiatu akamwambia kiatu hiki hakina ugonjwa wowote, bwana. Spana akasema akipige rangi basi.

Siku hiyo ndiyo aliyoona. Dirisha lilikuwa wazi kwa joto. Vichwa viwili vilikuwa vimeinama juu ya daftari moja. Wakili alinyoosha kidole kuonyesha kitu kwenye ukurasa, na Bi Daftari akakichapa kile kidole kwa rula, taratibu, akacheka. Wakili naye akacheka, huku amekishika kidole chake kama mtu aliyeumia kweli.

Spana aliijua rula ile. Miaka kumi na miwili nyuma aliingia katika chumba cha kumbukumbu na mikono imejaa grisi, akaweka kidole kwenye ukurasa safi ili aonyeshe namba ya pampu, na karani mgeni ambaye hata jina lake hakulijua akamchapa kwa rula, akamwambia daftari si tambara. Siku ya pili alirudi bila sababu yoyote. Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Angeweza kuvumilia kumwona mkewe akimpa mwanamume mwingine kitu kipya. Lakini kile kilikuwa cha kwake, alikuwa amekitunza, na sasa alikiona kikitolewa dirishani mchana kweupe.

Alivichukua viatu vyake kabla rangi haijakauka, akaenda moja kwa moja mpaka ubalozi wa serikali ya zamani.

Ubalozi huo ulikuwa bado unapeperusha bendera yake mlangoni, maana nchi ile jirani ilikuwa haijatangaza kuitambua serikali mpya. Katibu wa ubalozi alikuwa mtu wa adabu nyingi. Mara kadhaa alikwisha kumkuta Spana kwenye mgahawa wa uwanjani, akamwita "fundi mkuu" mbele za watu, akamuuliza habari za injini na kusikiliza majibu mpaka mwisho. Alikwisha kumdokezea kwamba kampuni ikizipata ndege, itahitaji mtu anayezijua kama anavyojua kiganja chake. Spana alikuwa akimkatalia kwa heshima. Siku hiyo alipoingia, katibu hakushangaa. Alimletea kiti, akaita mwandishi.

Hati ya kiapo ilikuwa na aya nne. Spana alieleza kwamba tarehe ishirini ya mwezi ule, katika chumba chao cha hosteli, alimwona mkewe mezani akiandika maneno yale yale yaliyodaiwa kuandikwa tarehe tatu. Hilo lilikuwa kweli tupu. Jioni hiyo mkewe alikuwa akinakili mistari kwenye karatasi za wakili, na Spana mwenyewe ndiye aliyemsomea. Katibu aliinua kalamu.

"Aliandika ndani ya daftari lenyewe la ndege?"

Nje mtu alikuwa anafagia majani, na Spana alisikia ufagio ukipita mara tatu.

"Ndiyo," alisema.

Uongo wake wote ulikuwa neno hilo moja. Akatia sahihi. Njiani alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetapika kitu kilichomkaa vibaya tumboni. Wepesi huo ulidumu mpaka alipofika mlangoni na kumkuta mkewe ameinama, anafunga vifungo vya sare ya shule ya binti yao.

Sheria ilitaka kila upande uone hati za mwenzake. Siku sita baadaye Bi Daftari alirudi mapema, saa nane mchana. Alimtuma mtoto kwa jirani. Akaketi, akavua miwani, akaiweka mezani.

"Leo nimesoma hati yako," alisema. "Wakili hakutaka kunipa. Nilimwambia kusoma ndiyo kazi yangu."

Spana alikuwa amejiandaa kwa makelele. Alikuwa na majibu yake tayari: sukari, mto, dirisha, rula. Aliyamwaga yote, yakiwa yamechanganyika, na jinsi alivyozidi kuyasema ndivyo yalivyozidi kupungua ukubwa. Mkewe alimsikiliza mpaka akaishiwa.

"Ungesema nina mwanamume mwingine, ningelia, ningekasirika, halafu siku moja ningekusamehe," alisema. "Watu wakiona wivu husema mengi. Wewe umesema nimeandika uongo kwenye daftari. Nina kitu gani kingine mimi?"

Jioni hiyo alihamisha kitanda chake na cha mtoto katika chumba cha wasichana waliokuwa wahudumu wa ndege. Hakumwomba afute hati. Wengine ndio waliomwomba. Fundi wa redio alikuja bila mzaha, akamwambia kwamba watu themanini wanataka kurudi makwao na yeye anawafungia njia kwa ugomvi wa chumbani. Spana akajibu kwamba alichoandika ameandika. Baada ya hapo akipita kwenye ukumbi wa chakula, mazungumzo yalikuwa yakikatika mezani na kuanza tena nyuma yake. Alhamisi alizungusha propela bila mtu kumsemesha. Hata fundi wa kampuni, ambaye sasa walikuwa upande mmoja, alimsalimia kwa kichwa tu, kama unavyomsalimia mtu ambaye hujui atakusaliti lini.

Usidhani wivu ulipungua. Ulinenepa. Sasa mkewe hakuwa akirudi kwake kula, hakujua tena amekunywa nini na amesema nini, na palipokuwa na pengo yeye alipajaza. Aliwaza kwamba amemsukuma mwenyewe mpaka mlangoni mwa yule mwanamume. Halafu akawaza kwamba alikuwa anaelekea huko hata hivyo. Mawazo haya mawili yalimpokezana kama walinzi wa zamu.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa tano wa kusubiri. Ukumbi ulijaa, mabalozi wa nchi nne walituma watu wao, wakaketi safu ya mbele na madaftari madogo magotini. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani minene, aliyeandika kila kitu kwa mkono.

Bi Daftari alisimama kizimbani asubuhi nzima. Mwanasheria wa kampuni, mtu mnene mwenye sauti ya kuhubiri, alimpitisha kwenye tarehe mbele na nyuma, naye hakukosea hata moja. Alipoona kwa tarehe hampati, mwanasheria alibadilisha njia. Aliuliza kama ni kweli kwamba yeye na wakili walisikika wakicheka ofisini, tena mara nyingi.

"Ndiyo, tulicheka," alisema. "Tulisoma mistari zaidi ya elfu nne. Kuna mahali rubani ameandika kwamba mbuzi amesimama kwenye njia ya kurukia na amekataa kutii amri ya mnara. Hapo tulicheka siku mbili."

Ukumbi ukacheka, na jaji akangoja kimya mpaka watulie. Mwanasheria akasogea karibu na kizimba. Alisema kwamba mahakama ina hati ya mume wake ikisema jambo moja, na yeye anasema jingine. Wote wawili hawawezi kuwa wakweli. Je, mume wake ni mwongo?

Wakili wake aliinuka kupinga. Jaji akasema shahidi anaweza kujibu akitaka. Bi Daftari hakumtazama Spana, aliyekuwa kwenye benchi la mashahidi upande wa kampuni.

"Nyumbani, sijui tena," alisema. "Kazini, kwa miaka kumi na miwili hajawahi kuniandikisha uongo. Akisema injini iko sawa, mimi huandika bila kwenda kuitazama. Nimempandisha mwanangu kwenye ndege hizo."

"Kwa hiyo kazini ni mkweli."

"Ndiyo."

"Na daftari la ndege ni kazi."

Aliona anakopelekwa. Kila mtu aliona. Angeweza kusitasita, kusema inategemea, kulia kidogo. "Ndiyo," alisema. "Daftari ni kazi."

Mwanasheria wa kampuni akaketi akitabasamu, akamwita Spana.

Kutoka benchi mpaka kizimbani ilikuwa hatua tisa hivi. Spana alikula kiapo, akapewa hati yake, akaulizwa kama sahihi ni yake. Akasema ni yake. Akaulizwa kama yaliyoandikwa ni kweli. Mwanamke yule alikuwa ameshikwa pabaya kwa sababu alikataa kumpunguzia mumewe sifa anayostahili. Angesema neno dogo tu la kumchafua, angejiokoa.

"Si kweli," Spana alisema.

Mwanasheria alidhani hakusikia swali, akalirudia.

"Nimesikia. Tarehe ishirini alikuwa ananakili kwenye karatasi, mimi nikimsomea. Kwenye daftari aliandika tarehe tatu, karakana, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimesimama mlangoni."

Jaji aliacha kuandika. "Kwa nini basi uliapa vile?"

"Wivu, mheshimiwa."

Safu za nyuma zilicheka, na safari hii hata mmoja wa watu wa mabalozi aliinamisha uso kwenye daftari lake. Jaji hakucheka. Alimuuliza wivu wa nini.

"Wa wakili," Spana alisema, kisha akafikiri, maana alikuwa chini ya kiapo. "Na wa yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa sina kazi, na yeye alikuwa anayo."

Bi Daftari alikuwa ameinamisha kichwa. Hakukiinua mpaka Spana alipotolewa na askari kwa mlango wa pembeni.

Alifungwa miezi miwili kwa kula kiapo cha uongo. Gerezani walimpa kazi ya kutengeneza pampu ya kisima, na ikafanya kazi. Mkewe alikuja mara moja, akiwa na mtoto, sabuni na taulo. Walizungumza habari za shule. Walipokuwa wakiondoka Spana alisema anaomba radhi, na mkewe akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea barua ambayo ataifungua akifika nyumbani.

Hukumu ilitoka akiwa ndani. Jaji aliandika kwamba mstari wa tarehe tatu ni wa kweli na kwamba karani aliyeuandika ni shahidi bora kuliko wote aliowasikia, akaipa serikali mpya ndege zote saba. Hosteli ililala na nyimbo. Kampuni ikakata rufaa, na baada ya miezi minane majaji watatu wakaipindua hukumu kwa hoja ambayo haikugusa daftari hata kidogo: kwamba tarehe kumi na mbili, nchi hii ilikuwa bado inaitambua serikali ya zamani, kwa hiyo serikali ya zamani ilikuwa na haki ya kuuza. Mstari ulikuwa wa kweli, ila ukweli wake haukuwa na kazi. Mtu alipompelekea Bi Daftari habari hiyo, inasemekana aliuliza tu kama madaftari yatarudishwa au yatabaki mahakamani.

Serikali mpya ikamwita mjumbe wake nyumbani, ikafunga mpaka, malori yakaoza na mizigo pande zote mbili. Wakubwa wakakutana katika mji wa tatu, wakatoka, wakakutana tena. Karibu miaka miwili tangu ndege zitue, wakakubaliana kugawana: nne kwa kampuni, tatu kwa serikali mpya, ambayo wakati huo ilikwisha kutambuliwa na karibu kila mtu. Lakini mvua za mchana zilikuwa zimefanya kazi yake. Katika zile tatu, ni namba nne peke yake iliyoweza kufufuliwa.

Na wa kuifufua alikuwa mmoja tu. Afisa wa serikali mpya alikuja hosteli akaeleza bila kuzunguka: jina la Spana halimo katika orodha ya watu wanaorudi, kwa sababu aliapa upande wa adui, lakini wanaomba mikono yake. Spana alikubali kabla mtu yule hajamaliza.

Alifanya kazi wiki tatu na nusu. Alifungua silinda moja moja, akasafisha kutu kwa vidole, akaondoa vifaa kwenye ndege mbili zilizokufa ili aiponye hii. Kila jioni saa kumi alipanda ngazi za ofisi ndogo ya karakana kutoa taarifa, na nyuma ya meza aliketi mkewe na daftari namba nne. Walizungumza mambo ya injini tu. Pampu ya mafuta? Imebadilishwa. Imetoka wapi? Namba sita. Aliandika. Siku ya mwisho alimuuliza injini ya kulia, akajibu iko sawa. Fundi wa redio, aliyekuwa pale akisubiri kutia sahihi yake, anasema Bi Daftari hakuinuka kwenda kutazama. Alichovya kalamu, akaandika, akakausha wino.

Ndege iliondoka Jumatano saa tatu asubuhi ikiwa na watu arobaini. Bi Daftari alipanda na binti yake. Mtoto alimkumbatia baba yake mpaka akavutwa. Mkewe alimpa mkono, akamwambia ajihadhari na kifua chake, huku kuna unyevu.

Spana alisimama nje ya uzio, na alipogeuka alimkuta wakili amesimama hatua chache kutoka kwake, kofia mkononi. Walitazama ndege ikikimbia, ikiinuka, ikiegemea upande mmoja, injini zote mbili zikilia sauti moja. Sauti ilipokwisha, wakili alizungumza bila kumtazama.

"Nilimwomba abaki. Ulipokuwa gerezani. Nilimwomba abaki kwangu."

Kwa hiyo Spana hakuwa mwendawazimu kabisa. Ajabu ni kwamba haikumpa faraja. "Akasema nini?" aliuliza.

"Alisema ana mume. Nikamwambia, mume gani huyo. Akasema hilo ni lake na la mume wake, mimi halinihusu." Wakili akavaa kofia yake. "Nilidhani unapaswa kujua."

Spana alitakiwa afurahi. Badala yake alimwonea wivu mtu yule, wivu mpya kabisa: kwamba alikwenda mbele ya mwanamke yule akauliza anachotaka kwa maneno machache na kupewa jibu. Yeye, mume, alikuwa amekaa kwa fundi viatu wiki nzima na hakuwahi kuuliza.

Kibali chake cha kurudi kilitoka baada ya miezi kumi na mmoja. Alisafiri siku mbili kwa lori. Mkewe alimfungulia mlango, akampa maji, akamwonyesha chumba atakacholala, na kwa karibu mwaka mzima walikaa hivyo, kila mtu na chumba chake, mtoto akiingia kwa huyu na kutoka kwa yule. Ndege hawakumpa tena; alipata kazi katika karakana ya matrekta. Wivu nao haukumwisha, na hakudai kwamba umekwisha. Siku ambazo Bi Daftari alichelewa ofisini, Spana aliusikia ukirudi. Aliketi nao jikoni, akamenya viazi, akamsubiri afike.